Tarishi na Nyumba Aliyoizunguka

Ukitaka kumjua Tarishi wetu, usianze na sura. Sura yake ni ya kawaida, ya mzee mwembamba anayenyoa ndevu kila Jumatatu. Anza na miguu. Ni mirefu, mikavu, na visigino vyake vina nyufa za ajabu. Siku moja sindano yangu ilidondoka barazani akiwa amesimama hapo, tukaitafuta wee, kumbe imezama kwenye ufa wa kisigino chake na mwenyewe hana habari. Alipoichomoa akaifuta kwenye suruali, akanirudishia kwa mikono miwili kama kawaida yake, akaendelea na mazungumzo.

Mimi ni fundi cherehani. Baraza ninaposhonea inatazama barabara inayotoka mahakama ya mwanzo ya kata yetu, huku Iramba, na kwa miaka mingi nilimwona akipita asubuhi akienda na jioni akirudi. Kazi yake ilikuwa kupeleka samansi, ile karatasi ya kumwambia mtu kwamba ameshtakiwa na siku fulani saa tatu asubuhi afike mbele ya hakimu. Alipewa baiskeli ya kazi. Akaiegemeza nyuma ya mahakama, na haukupita muda kuku wakaanza kutagia kwenye kapu lake. Alisema baiskeli inafika mapema mno. Mtu anayeletewa habari mbaya, alisema, apewe nafasi ya kukuona kwa mbali ukija, amalize anachokifanya, avae shati.

Wengi nafasi hiyo waliitumia kukimbia. Akikaribia nyumba alikuwa anapaza sauti, "Hodi ya kazi!" ili mtu asije akadhani amekuja kusalimia, na hapo ndipo milango ya nyuma ilipofunguka. Kuna bwana mmoja aliingia ndani ya kihenge cha uwele, mkewe akatoka akasema mume amesafiri kwenda Mitundu kwa mjomba. Tarishi akasema sawa, atamngoja. Akasimama pale uani, jua likampiga, mama wa watu anapepeta huku jasho linamtoka, mpaka vumbi la uwele likafanya kazi yake na kihenge kikapiga chafya. Tarishi hakucheka. Alikisogelea kihenge akasema, "Bwana, ukimaliza kurudi kutoka Mitundu, nina karatasi yako." Kisa hicho nilisimuliwa na yule mama mwenyewe, siku aliyokuja kupima gauni. Tarishi hakuwahi kukisimulia.

Hilo nalo ni jambo lake. Alijua kesi za kata nzima na mdomo wake ulikuwa kama umeshonwa. Karatasi aliikunja mara nne, akaitoa kwa mikono miwili, wala hakuitoa mbele za watu. Kwa asiyejua kusoma, walienda pembeni wawili, akamsomea polepole kidole kikifuata mstari. Mtu akimwuliza, "Sasa mzee nifanyeje?" jibu lilikuwa moja: "Mimi ni miguu tu. Maneno ni ya hakimu." Hata wamwangukie, hata wamtukane, ni miguu tu.

Lakini usidhani hakupenda maneno. Siku za kusikiliza kesi, akiwa hana safari, alikaa benchi la nyuma kabisa mahakamani akisikiliza mdomo wazi. Na huyu huyu aliyesambaza karatasi katika kila kitongoji alikuwa anaogopa barua zake mwenyewe. Ikimjia bahasha, hata ya mwanawe aliye Itigi, aliniletea barazani niifungue. "Nitazamie tu kama kuna msiba," alikuwa ananiambia, uso ameugeuzia barabarani. Nikisema hakuna, ndipo anaichukua akaisome peke yake.

Sasa nije kwenye kula, maana hapo ndipo watu walipomchoka. Tarishi alikuwa hali kwa mtu. Alitembea na mfuko wenye viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya chai, akala juu ya jiwe kando ya njia. Msibani alikuwa wa kwanza kushika jembe kuchimba kaburi, na sufuria zikiteremshwa, humwoni. Harusini alisimama nje ya ua, akachungulia, akapiga makofi, akaondoka. Mimi ni jirani yake, nyumba tatu tu katikati yetu, na sijawahi kumwona amekaa kwenye kiti changu. Chai nikimpa ananishukuru na kikombe anakiacha palepale mpaka inzi waingie.

"Kwani chai yangu ina nini?" nilimwuliza siku moja kwa hasira.

"Haina kitu. Una kiwanja kule nyuma?"

"Ninacho."

"Mipaka yake imenyooka?"

Nikarudi kwenye cherehani, kwa sababu haijanyooka. Akasema, "Basi. Iko siku nitakuletea karatasi, na sitaki nije nimebeba chai yako tumboni." Watu walisema anaringa. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa sauti, mpaka siku aliponiletea shati nimshonee mfuko wa ndani.

Alitaka mfuko upande wa ndani, chini ya kwapa, wenye kifungo. Nikamwuliza ule wa nje una kasoro gani. Akasema wa nje unaonekana. Halafu, akiwa amesimama vilevile, ameshika nguzo ya baraza, akanieleza jambo ambalo nadhani hakuwahi kumweleza mtu mwingine.

Ilikuwa mwanzoni kabisa mwa kazi, bado kijana. Alipewa karatasi ya bwana mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya mto, njia ya mkato ya kwenda Kiomboi. Kesi ya shamba la bondeni, shamba zuri la vitunguu. Alitoka kabla ya jua, akafika mchana, amekauka. Kabla hajasema lililomleta, yule bwana alishamvutia kigoda na mkewe alishamkamata kuku. Unajua kwetu. Mgeni aliyetembea hahojiwi, analishwa kwanza. Tarishi akala. Kuku wa kienyeji, ugali wa uwele, mlenda, na maziwa ya mgando baadaye. Alipokwisha kunawa akapeleka mkono mfukoni kuitoa ile karatasi, mkono ukagoma.

"Nilimtazama yule bwana," alisema, "ananiuliza kama nimeshiba. Ningemwambiaje? Asante kwa kuku, chukua na kesi yako?"

Akaaga, akaondoka nayo. Alijiambia ataipeleka kesho. Kesho akaona aibu, kesho kutwa aibu imekuwa kubwa zaidi. Siku ya kesi, karani akamwuliza kama alimkabidhi mshtakiwa. Akasema ndiyo. Mshtakiwa hakuonekana, kesi ikasikilizwa upande mmoja, na shamba likaenda kwa mwingine.

"Hiyo 'ndiyo' yangu ndiyo ninayotembea nayo mpaka leo," aliniambia.

Yule bwana hakukata rufaa. Hakuja kumfokea, wala hakumshtaki kwa mtu. Tarishi alisema angekuja na fimbo ingekuwa nafuu. Tangu hapo hakula tena kwa mtu yeyote, na tangu hapo hakupita tena mbele ya nyumba ile. Akiwa na kazi upande huo aliuzunguka mlima, saa nzima zaidi, juani. Yule bwana alikuja kufariki miaka mingi baadaye, na hata msibani Tarishi hakwenda, yeye anayechimba makaburi ya watu wote. Nikamaliza kumshonea mfuko. Nikamwambia tu kifungo nimekikaza vizuri.

Akastaafu. Siku hizi, ananiambia, mtu anaitwa mahakamani kwa simu. "Fikiria mwanangu, mtu yuko chooni, simu inaita, anaambiwa ameshtakiwa. Hata suruali hajafunga!" Hilo linamuudhi kweli, ukitaka kumwondolea usingizi mtajie. Lakini kustaafu hakukumbadilisha kitu. Chai yangu bado ilikuwa inaachwa kwa inzi. Nikimwambia, "Mzee, huna tena karatasi," anajibu ni mazoea.

Ndipo yakaja matembezi. Vijana wa kanisa na vijana wa msikiti walikaa kikao kimoja, jambo ambalo kwetu si geni, wakaamua kufanya matembezi ya hisani ili pajengwe nyumba ya wajawazito kusubiria karibu na zahanati yetu. Mama akikaribia siku zake apate pa kulala, asianze kukimbizwa kwenda Kiomboi kwa bodaboda wakati uchungu umeshamshika. Wakasema watatembea usiku kucha, kutoka kwetu hadi Kiomboi mjini. Kwa nini usiku? Nesi wa zahanati aliwajibu waliouliza: kwa sababu uchungu mwingi unaanza usiku, na sisi tunaojidai tunaijua njia hiyo, tuijue kwenye giza.

Kila mtu akamtazama Tarishi. Nani mwingine angetuongoza? Yeye akasema tufuate barabara kuu. Mwenyekiti wa vijana, kijana mrefu mpole, akasema hapana mzee, ile ya mkato ng'ambo ya mto ndiyo wanayopitishwa akina mama. Tarishi akasema ile ina fisi.

"Mzee, tutakuwa watu kama sitini. Fisi ndio watatukimbia sisi."

Akasema ina matope. Ilikuwa Julai, hakuna tone. Akasema daraja ni bovu. Mtu akasema limetengenezwa. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa akina mama nikimwangalia, na yeye ananikwepa macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Tarishi akisema uongo mara tatu mfululizo, na nilimhurumia.

Jioni akapita barazani. Nikamwambia si lazima aende, aseme tu mguu unamuuma. Akatikisa kichwa. "Mimba hazijui mambo yangu. Nitaenda. Nitajiweka katikati ya watu, kizibao cha kung'aa kama wenzangu, kofia mpaka hapa. Usiku nani anatazama sura?"

"Kumbe na wewe kihenge unakijua," nikamwambia.

Akacheka kidogo, ila hakukanusha.

Tuliondoka baada ya sala ya isha. Mchungaji aliomba, sheikh akaomba, na wote wawili waliomba kirefu, upepo wa Singida unatupiga mpaka meno yanagongana. Mbalamwezi ilikuwa imetoka. Mimi nilikuwa nimevaa raba za binti yangu, ambazo nilijipa moyo kwamba zitalegea. Nawaambia wenzangu wanene: raba hailegei. Kufika kilima cha kwanza kidole gumba kilishaanza kulalamika.

Tarishi alikuwa mtu mwingine usiku ule. Alitembea mwendo uleule kupanda na kushuka, mikono nyuma, kama anayekwenda kununua chumvi. Vijana waliokimbia mwanzoni wakiimba, tuliwakuta mbele wamekaa wanashika mbavu. Alitupa masharti: kupanda hakuna kuongea, kunywa maji kidogo kidogo, na mwenye haja aende kabla ya kilima, si katikati. Na aliwajua mbwa. Kesi za nyumba hakuzigusa, ila mbwa alitutajia wote. "Hapa kuna mwekundu, anabweka tu. Hapa yuko mweusi, huyu msimpe mgongo." Kijana mmoja akamwambia, mzee, hao uliowajua wameshakufa zamani. "Basi wajukuu zao," akasema, na yule mweusi akatoka kweli, mweusi tii, tukasogeleana.

Vijiji vilitupokea. Sikutegemea. Watu walikuwa wameamka usiku wa manane na tochi zao, wametengeneza uji, wanapiga vigelegele, wanatuuliza tumetokea wapi. Kwenye kijiji kimoja bwana mmoja wa makamo alikuwa anagawa uji kwa jagi. Akampimia huyu, akampimia yule, akainua macho, tochi ikampiga Tarishi usoni. Yule bwana akamkabidhi mwenzake jagi, akakata kona nyuma ya nyumba, tukasikia mabua ya mtama yakivunjika shambani.

"Rudi, bwana!" Tarishi akapiga kelele. "Nimestaafu! Leo natembea tu!"

Tulicheka mpaka mimi nikasahau kidole. Lakini uji wenyewe hakuunywa. Kila tulipopumzika alisimama pembeni, akatoa kiazi mfukoni, akala akitazama njia. Na kadiri tulivyoukaribia mto, aliacha kusema habari za mbwa. Alirudi nyuma ya msafara, kisha katikati, kisha nyuma tena. Nikapunguza mwendo tuwe pamoja.

Kwenye saa tisa tukavuka daraja. Mbele, upande wa kulia, uwanja wa nyumba moja ulikuwa umewashwa moto mkubwa, mikeka imetandikwa, masufuria matatu yanatoa mvuke. Mwenyekiti wa vijana akatangaza kwa furaha kwamba hapa ndipo kituo kikubwa, kuna bibi mmoja alisikia habari zetu akaomba mwenyewe tupumzike kwake.

Nilimgeukia Tarishi. Hakuwepo. Alikuwa amekwenda kusimama barabarani nyuma ya gari lililokuwa linatufuata kubeba wanaoshindwa, upande wenye kivuli. Ile kofia ilikuwa imeshuka mpaka puani.

Nikakaa kwenye mkeka na wenzangu, maana miguu haikunipa uchaguzi. Bibi alikuwa mfupi, ameinama kidogo, khanga mbili, upawa mkononi, na mjukuu wake wa kike akimfuata na vikombe. Akazunguka mkeka hadi mkeka, akihakikisha.

"Wote wamepata?"

"Wote, bibi," mwenyekiti akasema. "Labda mzee mmoja yuko barabarani, lakini huyo hali kwa watu. Ndivyo alivyo."

"Mzee gani huyo asiyekula?"

"Tunamwita Tarishi."

Upawa ulisimama. Uji ukawa unadondoka chini, tone, tone. Sina haya kusema nilimwomba Mungu mambo mawili kwa pamoja, kwamba bibi aende barabarani na kwamba asiende. Bibi akampa mjukuu upawa, akaomba tochi, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Nikamfuata nikichechemea. Ni kiherehere, najua, lakini kati ya wote pale ni mimi peke yangu niliyejua kinachokwenda kutokea, na sikutaka mzee wangu awe peke yake.

Alimmulika kuanzia miguuni. Akapandisha tochi taratibu mpaka kwenye kofia. Tarishi akaivua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umezeeka."

"Nimezeeka, mama."

"Mwenzangu alitangulia."

"Nilisikia."

"Ulisikia, na hukuja kuzika. Siku tatu nilikuwa nakutazamia pale mlangoni."

Tarishi akaikunja kofia. "Mama, ile siku niliyokuja, nilikuwa na karatasi."

"Najua."

"Ya kesi ya shamba. Nilikuwa nayo mfukoni, nikala chakula chenu, nikashindwa..."

"Najua, baba. Tuliiona." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongelea bei ya alizeti. "Ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wako wakati unakula paja. Mume wangu akanifuata jikoni. Akasema, huyu kijana ameleta jambo, lakini ana njaa, mwache ale kwanza. Tukakungoja uitoe. Ukanawa, ukashukuru, ukaondoka. Mimi nikamwambia, mwite! Akasema, nitamwitaje mgeni wangu nimdai karatasi? Ataona tulimlisha kwa ajili hiyo."

"Sasa mbona hakwenda mahakamani akawaambia? Shamba lingerudi."

"Awaambie nini? Kwamba tarishi wao alikula kwetu akarudi na karatasi mfukoni? Ungekaa kwenye hiyo kazi hata wiki? Ulikuwa mtoto. Akasema shamba tutapata lingine."

Nilisikia sauti nisiyoijua, nikadhani ni mbwa. Alikuwa Tarishi. Alilia mzee yule, amesimama, mikono nyuma, machozi yanashuka bila kufutwa. Mimi nililia pia, siwezi kudanganya. Kwa miaka yote hiyo alidhani amewanyang'anya shamba watu wasiojua. Kumbe walijua, wakamfichia.

Bibi hakulia. Bibi alikuwa na hasira, na sasa ndiyo ilitoka.

"Shamba lilituuma msimu mmoja, miwili. Tukafyeka kule juu, tukalima, tukala. Lakini wewe! Watu wanakuja kutuambia, yule tarishi anazunguka mlima asipite kwenu. Juani! Mume wangu akawa ananiuliza, mama, tulimfanyia nini yule kijana? Aliniuliza hilo mpaka anakufa. Hilo ndilo lililotuuma sisi."

Mwenyekiti wa vijana akapuliza filimbi. Watu wakaanza kuinuka kwenye mikeka, wakifunga kamba za viatu, wakilalamika magoti. Tarishi akatazama barabara. Nilimwelewa. Mtu huyu katika maisha yake yote hakuwahi kuanza safari akaishia njiani, na Kiomboi ilikuwa hapo mbele, saa tatu za kutembea, na watu wangempokea kwa shangwe kama mzee kuliko wote. Akafuta uso kwa kofia.

"Mama, wenzangu wanaondoka. Acha niwafikishe. Nitarudi kesho, nakuapia."

"Kesho yako naijua," bibi akasema. Alimulika tochi mlangoni kwake, akaiacha imulike hapo.

Wenzangu walishaanza kutoka uani, wanatupita wakituita, wakidhani tunakuja. Tarishi alitazama mgongo wa mtu wa mwisho mpaka kile kizibao kinachong'aa kikapotelea kwenye kona. Kisha akatembea kuufuata ule mwanga wa tochi. Alivua katambuga zake mlangoni, akazipanga vizuri moja kando ya nyingine, akainama, akaingia.

Niliingia nyuma yake, nikisingizia raba zinanibana. Alikalia kigoda kwenye ukingo kabisa, mgongo wima, kofia juu ya magoti, kama aliyesubiri kuitwa kwa hakimu. Bibi akamsukuma bega. "Kaa sawasawa." Akasogea nyuma kidogo. Akasukumwa tena, mpaka akakaa kama watu wanavyokaa. Huko nje mjukuu alikuwa anamkimbiza jogoo gizani, jogoo anapiga mayowe ya kuamsha kijiji, na mbele njiani nikasikia wenzetu wakicheka bila kujua ni ya nini. Bibi akampa kikombe cha uji anywe wakati kuku anapikwa. Tarishi akakishika kwa mikono yote miwili, akanitazama, kisha akanywa.

"Fundi, nenda," akaniambia, uji kwenye masharubu. "Utaachwa."

Nilikwenda. Namshukuru Mungu kwa yale masaa matatu, ingawa kila hatua ilikuwa na kisu. Nilitembea peke yangu nyuma ya wote, upepo usoni, nikijisikia mwepesi moyoni na mzito miguuni, na mara mbili tatu nilijikuta nacheka kwa sauti. Kulipambazuka nikiwa napanda kuelekea Kiomboi. Pale mwisho walikuwepo nesi, watu wa kanisa, watu wa msikiti, na akina mama wawili wenye matumbo makubwa waliokuja kututazama. Meza ilikuwa imewekwa, na binti mmoja mwenye daftari alikuwa anawaandika wanaofika.

Aliniandika. Kisha akapitisha kalamu kwenye orodha.

"Amebaki mzee Tarishi. Ameumia? Tumtume dereva akamchukue?"

"Hajaumia. Yuko kwa watu, anakula."

"Anakula? Tarishi?" Akanitazama kama nimechanganyikiwa na uchovu. "Sasa mama mimi niandike nini? Hapa nina 'amemaliza', na nina 'ameshindwa'."

Nilimwomba kalamu. Mwandiko wangu hata siku za kawaida ni mbaya, lakini niliandika mwenyewe mbele ya namba yake: amekaribishwa mahali, amekaa.